Zana za bure za kuandaa, kurekodi na kushiriki wasilisho: mnatumia ipi?

Kipaza:
Wakuu, habari. Nina wasilisho la kama dakika 20. Nataka kulirekodi kwa sauti yangu, kisha niwatumie watu linki walitazame kwa muda wao. Silipii chochote. Google Slides, Canva, Loom... kila moja ina pale inapokwama. Ninyi mnafanyaje?

Slaidi_Safi:
Canva, mkuu. Unatengeneza slaidi, unajirekodi humo humo sura ikionekana kwenye kiduara pembeni, ukimaliza unapata linki au unapakua video. Epuka tu violezo vyenye alama ya taji, hivyo ni vya kulipia.

Bi_Somo:
Hapo napinga kidogo, ndugu yangu. Canva ni nzuri kazi ikibaki Canva. Ukiishusha kama faili la PowerPoint, maandishi huhama na fonti hubadilika. Kwa kazi ya watu kadhaa mimi nabaki na Google Slides: mnahariri pamoja, na mtu akiharibu mnarudi kwenye toleo la nyuma. Tena jaribu hili: kwenye anwani ya wasilisho, futa neno "edit" na yote yanayofuata, andika "present". Anayefungua anakutana na slaidi skrini nzima. Udhaifu ni kurekodi, akaunti ya bure haina kitufe hicho.

Kipaza:
Ndiyo maana niliangalia Loom, lakini bure yake ni dakika 5 kwa video, na video 25 tu.

Fundi_Sauti:
Loom inafaa maelezo mafupi. Kwa dakika 20, fungua mkutano wa Zoom peke yako, onyesha skrini, rekodi kwenye kompyuta. Kikomo cha bure ni dakika 40 na faili linabaki kwako. OBS Studio haina kikomo kabisa, ila ni ya kusakinisha na mipangilio yake inataka subira. Na jamani, sauti! Slaidi za kawaida mtu atazivumilia, lakini sauti yenye mwangwi ataifunga mapema. Rekodi nusu dakika, isikilize kwa spika za masikioni, ndipo uanze.

Nuru:
Mwenye simu tu je?

Fundi_Sauti:
Virekodi vya kwenye tovuti vitakusumbua, kwa kuwa vivinjari vya simu haviruhusu ukurasa kunasa skrini. Tumia kirekodi cha simu yenyewe. Android inacho tangu toleo la 11, iPhone tangu iOS 11.

Slaidi_Safi:
Kushiriki, pakia YouTube kama video isiyoorodheshwa. Haitokei kwenye utafutaji, na mwenye bando dogo anashusha ubora mwenyewe. Thibitisha akaunti kwa namba ya simu kwanza, la sivyo unaishia dakika 15. Ila mambo ya siri usiweke, linki husambaa.

Kipaza:
Basi Google Slides, Zoom, YouTube. Slaidi zenyewe niwape pia?

Bi_Somo:
Wape. Pale pa "present" andika "export/pdf", linki itapakua PDF moja kwa moja. Iweke kwenye maelezo chini ya video, na ruhusu yeyote mwenye linki atazame, wasije wakaanza kukuomba ruhusa mmoja mmoja.