Uvimbe wa tezi shingoni: nipasuliwe au nisubiri?

Mwalimu wa Wete
Assalaam alaykum. Mie nina miaka 41, nasomesha skuli asubuhi na chuoni jioni. Mwezi wa Shaabani nilikuwa nabana mtandio, kidole kikagusa kitu kigumu chini ya koo, upande wa kulia. Hakiumi. Daktari akanipa gilasi ya maji, akanambia ninywe funda moja moja huku ananitazama shingo. Kila nikimeza kinapanda na kushuka. Akasema hiyo ni tezi.

Ultrasaundi: kulia kinundu cha sentimita 2.8, kushoto viwili vidogo vya milimita 6 na 8. Damu, TSH, kile kipimo cha homoni kinachoonyesha tezi inavyofanya kazi, iko sawa. Nikachomwa sindano ya kuvuta chembe za kinundu zikapimwe, majibu hayakuonyesha saratani. Lakini daktari wa kwanza, hata majibu hayajatoka, alishanipangia siku ya kutolewa tezi nzima. Wa pili ananambia nirudi baada ya mwaka. Jirani yangu kila siku: "Bado tu unatembea nalo hilo?" Ninachokiogopa ni sauti. Tajwidi utaisomeshaje huna sauti? Aliyepitia anisaidie.

Mtoto wa Mkoani
Waalaykumu salaam mwalimu. Nakupa ya mama yangu uyapime. Rovu lake lilikuwa la miaka, hatukulijali mpaka alipoanza kulala kwa mito mitatu. Akilala chali anashtuka anatafuta pumzi, na tonge lazima alishushie maji. Daktari alimwambia anyanyue mikono yote miwili juu ya kichwa, aiache hapo hapo. Haikupita dakika, uso umeiva, mishipa ya shingo imesimama. Picha ya CT ikaonyesha tezi imeshuka mpaka nyuma ya mfupa wa kifua. Saratani hakuwa nayo, na bado kwake kupasuliwa hakukuwa na mjadala. Wewe unalala vipi? Unameza vipi?

Muuguzi, Ng'ambo
Hayo ndiyo maswali, dada. Vinundu vingi mno si saratani, zaidi ya tisa katika kumi. Mtu anapasuliwa sindano ikionyesha saratani au shaka kubwa, au uvimbe ukibana koo na pumzi kama kwa huyo mama. Kikipita sentimita 4, au kikiendelea kukua, nacho hufikiriwa. Kuna kinundu kinachomwaga homoni mpaka moyo unadunda na mwili unakonda, ila chako sicho, kwa vile TSH yako iko sawa.

Sasa tafuta karatasi ya sindano, angalia daraja la Bethesda, ndiyo namba ya majibu ya zile chembe, 1 mpaka 6. Daraja la 2 ndilo la salama. La 1 watu hulisoma wakafurahi, kumbe maana yake chembe hazikutosha, urudie. La 3 na la 4 ndiko kwenye kizungumkuti.

Na hiyo tezi nzima mie ningeiulizia sababu. Ukitolewa yote, kidonge cha homoni ni cha maisha, tena kwa tumbo tupu, na Ramadhani ukipangie saa yake. Ukitolewa nusu, wengi nusu iliyobaki inawatosha.

Bi Kasida
Mwanangu, mie nilitolewa nusu, Dar es Salaam, mwaka 2019. Sindano yangu ilikuwa daraja la 4, na hapo hakuna wa kujua mpaka kitoke kikapimwe. Alhamdulillah hakikuwa saratani. Sauti ilikwaruza wiki sita, kila anayenipigia simu anauliza kama naumwa. Imerudi, ila ile ya juu ya kughania kasida haijakaa sawa mpaka leo. Sikutishi. Ikija siku ya kupasuliwa, muulize daktari anapasua tezi ngapi kwa mwaka, na akutazame nyuzi za sauti kabla. Vidole na midomo ikikufa ganzi baadaye, usingoje asubuhi, hiyo ni kalsiamu imeshuka.

Mwalimu wa Wete
Allah awalipe kheri. Karatasi nimeipata kwenye mkoba wa vitabu: Bethesda 2. Usiku nimelala chali makusudi, sina shida, na mikono nimeinyanyua mbele ya kioo. Ile siku ya kupasuliwa nimeifuta. Shaabani ijayo nikijaaliwa nitarudia ultrasaundi pale pale, urefu, upana na kina viandikwe. Jee, chumvi ya madini joto itakipunguza?

Muuguzi, Ng'ambo
Kilichokwishaota hakipungui kwa chumvi, lakini itumie, wewe na wanao. Na ukikwama sauti au kupaliwa kabla ya Shaabani, usisubiri mwaka.