Mrejesho: zile taa za infraredi kwenye miwani ya mjomba

Wakuu habari, mimi ndo yule niliyeuliza kama taa za infraredi zinaweza kumuumiza mjomba macho. Alipata kiharusi hawezi kuongea, nikawa namtengenezea miwani yenye kikamera kinachofuata jicho ili achague herufi kwenye kompyuta, na hizo taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ndo zinamulika jicho kikamera kilione.

Aisee asanteni, mlionigombeza kwamba zinaweza kumuumiza mlikuwa sahihi kabisa. Nilikuwa nimeweka LED (vitaa vidogo) nne za infraredi sm 2 tu toka jichoni, kila moja inakula miliampia 100. Nikapiga hesabu kwa datashiti (karatasi ya vipimo vya LED), miliwati 40 kwa steradiani (kipimo cha ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja) gawanya kwa umbali kipeo cha pili, LED moja tu inatoa miliwati 10 kwa sm ya mraba, na hicho ndo kikomo cha ICNIRP (tume ya kimataifa ya usalama wa mionzi kama hii) kwa mtu anayekaa nayo zaidi ya sekunde 1,000, sasa zidisha mara nne. Na ubaya wa huu mwanga hauonekani, mboni haisinyai, mtu hapepesi wala hakwepi, konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho) na lenzi vinapata moto kimyakimya.

Nimebakiza LED moja ya nanomita 940, rezista ya omu 180, sasa ni kama miliampia 20, nimeisogeza mpaka sm 5. Imeshuka hadi kama miliwati 0.3 hivi kwa sm ya mraba. Kuhakikisha inawaka naichungulia na kamera ya simu, inaonekana kadoa ka zambarau, sio kusogeza jicho kama nilivyokuwa nafanya (msinicheke).

Picha ya kikamera imepata giza kidogo ila mboni bado kinaishika. Juzi mjomba kaandika "chai", ikaletwa.