Kubadili kilopaskali kuwa psi

Swali: Wakuu, kibandiko cha mlangoni mwa gari langu kinaagiza upepo wa kilopaskali 220, ilhali geji ya fundi inasoma psi tu. Nimwambie ajaze ngapi?

Jibu: Psi 1 ni sawa na kilopaskali 6.895, kwa hiyo ukigawa 220 kwa namba hiyo unapata 31.9, mwambie 32. Kwa bar ni 2.2.

Jibu: Hesabu hiyo ni sahihi. Hata hivyo, kwa wanaofanya maswali ya fizikia, geji husoma kanieneo iliyozidi ile ya angahewa, hivyo kabla ya kutumia kanuni ya gesi ni sharti uongeze kilopaskali 101.3, upate takriban 321.

Muulizaji: Ahsanteni. Nipime tairi zikiwa baridi?

Jibu: Naam, kabla ya safari.