Siku moja hifadhini na wanafunzi 42: basi, bwawa au miguu?

Mwalimu_wa_Bios: Wenzangu, mada yetu ni mahusiano ya viumbe na mazingira yao. Njia ziko tatu: basi lituzungushe kutwa, tutulie bwawani wanyama wanakokunywa maji, au tutembee na askari wa wanyamapori. Mwaka jana tulizunguka. Tuliona simba waliolala, picha zikapigwa, lakini ripoti nilizosahihisha zilikuwa orodha za majina tu. Iliniuma.

Nyayo: Bwawa, mwalimu. Fikeni alfajiri, kwani jua likikaza wanyama wengi hukimbilia kivulini. Kila kikundi kichague spishi moja na kila baada ya dakika 5 kiandike wangapi wanakunywa, wangapi wanakula, wangapi wameinua vichwa kuangalia hatari. Saa mbili zikipita mna takwimu zenu wenyewe za kuchorea grafu. Twiga peke yake ni kipindi kizima: shingo yake ina pingili 7 kama ya binadamu, ila miguu ni mirefu mno kiasi kwamba asipoitanua au kuikunja ile ya mbele mdomo haufiki majini.

Mzazi_wa_Wawili: Binti yangu dakika 20 zikipita bila jipya, ameshachoka. Basi angalau litawapitisha nyikani, msituni na mtoni.

Mwanamimea: Mimi natetea miguu. Kinyesi kinafundisha mmeng'enyo kuliko mchoro wa ubaoni! Tembo hameng'enyi hata nusu ya anachokula, ndiyo maana utaona vijiti na mbegu nzima, nyingine zimeshachipua. Nyumbu hucheua, kwa hiyo majani kwenye kinyesi chake yamesagika vizuri. Pundamilia hacheui, nyuzi za majani zinabaki wazi. Wachokonoe kwa kijiti, si kwa mkono. Ila 42 ni wengi mno kwa matembezi, na hifadhi nyingi zina masharti ya umri. Ulizeni kabla ya kuwaahidi watoto.

Mwalimu_wa_Bios: Hilo la umri sikuliwaza, ahsante sana. Basi asubuhi nzima ni bwawani, na kinyesi tutakitafuta pale tutakaporuhusiwa kushuka. Darubini ninazo 6 tu.

Nyayo: Zinatosha. Vikundi 6 vya watu 7: mmoja atazame, mmoja ashike saa, mmoja aandike, waliobaki wahesabu kwa macho. Badilisheni kazi kila baada ya dakika 20. Mzazi mwenzangu, binti naye atafika zamu mpya kabla hajachoka.