Falkland 1982: Dagger au Skyhawk, ipi ilifika mbali na kurudi?

Kombora Baridi: Wakuu, nisaidieni kuhusu ndege za kivita za Argentina kwenye vita vyake na Uingereza vya kugombea visiwa vya Falkland. Dagger ilikuwa na uwezo wa kuruka mara mbili ya kasi ya sauti. Skyhawk ni ya zamani, hata kasi ya sauti haifiki ikiruka sawasawa. Kutoka Río Grande, kambi ya ndege kusini mwa Argentina, hadi Port Stanley, mji mkuu wa visiwa hivyo, ni kama km 700. Mbona Dagger ndiyo iliyohangaika na mafuta? Kwenye makaratasi inafika mbali sana!

Fundi Injini: Mkuu, umbali wa kwenye makaratasi mara nyingi ni wa ndege isiyobeba silaha, inahamishwa tu kutoka kambi moja kwenda nyingine. Ukishaifunga mabomu na matangi ya nje, uzito unapanda na hewa inaikaba. Piga hesabu: km 700 kwenda, km 700 kurudi, na akiba ya kutua. Kinachobaki ni dakika chache tu juu ya visiwa. Halafu kuna afutabena, yaani mafuta yanamwagwa kwenye moshi wa moto nyuma ya injini ili msukumo uongezeke. Ulaji unapanda mara mbili na zaidi. Rubani wa Dagger akiwasha kitu hicho kuikimbia Harrier, ndege ya kivita ya Waingereza, nyumbani hafiki. Hiyo kasi yake ilibaki jina.

Mama Kipanga: Na msisahau kimo. Juu kabisa hewa ni nyepesi, injini inakula kidogo. Ili kukwepa rada za meli za Waingereza walishuka karibu na mawimbi, na huko chini mafuta yanakwisha huku unayaona.

Ila jibu lenyewe ni mrija. Skyhawk ilikuwa na mrija wa kupokelea mafuta angani, na Super Étendard, ndege nyingine ya Argentina, pia. Zile Super Étendard mbili zilizoipiga Sheffield, meli ya kivita ya Waingereza, tarehe 4 Mei zilijaziwa njiani. Dagger na Mirage III, ndege nyingine ya kasi ya Argentina, hazikuwa nao. Argentina nzima ilikuwa na KC-130 mbili tu, ndege za kujazia nyingine mafuta angani, lakini hizo mbili zilibadilisha kila kitu. Kuna Skyhawk iliyotobolewa tangi ikarudi imeng'ang'ania KC-130, inanyonya huku inavuja.

Kombora Baridi: Kwa hiyo Dagger ilikuwa takataka?

Fundi Injini: Hapana bwana. Tarehe 21 Mei Dagger ziliipiga Antrim, meli nyingine ya Waingereza, bomu likagoma kulipuka. Zilifika, ila hazikuwa na muda wa kuzunguka wala kupigana na Harrier.

Mtu wa Pwani: Mimi naona lawama ni za Waargentina waliopanga vita. Uwanja wa ndege wa Stanley ulikuwa mikononi mwao lakini ni mfupi, hawakuurefusha kwa ajili ya ndege za kasi. Tarehe 1 Mei Mirage III iliyojeruhiwa ilijaribu kutua pale, mizinga ya Waargentina wenyewe ikaitungua.

Kombora Baridi: Duh. Na za siku hizi?

Mama Kipanga: Hesabu ni ileile. Angalia F-35A na F-35B, ndege za kivita za Marekani, karibu ndugu mapacha. B inatua wima, kwa hiyo feni kubwa nyuma ya rubani imekula nafasi ya tangi: A inabeba kama tani 8.3 ndani, B kama tani 6. A inakwenda kupigana takriban km 1,090 na kurudi, B kama km 830.

Mtu wa Pwani: Kule Falkland Harrier nayo iliyumba, maana Waingereza waliziweka meli zao za kubebea ndege mbali mashariki ya visiwa kuogopa Exocet, makombora ya kupigia meli. Kila kilomita waliyorudi nyuma ilikatwa kwenye dakika za doria.