Naomba ushauri: stata (mota ya kuzungusha injini wakati wa kuwasha) inagonga "ta" tu, injini haizunguki

Ndugu zangu, hasa nyinyi mafundi wa umeme wa magari, naombeni msaada. Nina Probox ya gia za mkono, ninayobebea samaki kutoka Mambrui hadi Malindi mjini. Siku hizi alfajiri nikizungusha ufunguo nasikia "ta" moja chini ya boneti, basi. Taa za dashibodi hazififii, honi inalia vizuri. Vijana wakiisukuma inashika mara moja, kwa hivyo petroli na plagi sizishuku.

Fundi wa kwanza kaniambia ninunue betri. Sikubaliani naye. Gari likiwa limezimwa betri inasoma volti 12.6, na ufunguo ukishikiliwa kwenye kuwasha haishuki chini ya 12.2. Betri iliyochoka si ingeporomoka chini ya 10? Mimi nashuku waya wa arthi, ule unaorudisha umeme kwenye nguzo hasi ya betri: pale bolti yake inapokaza kuna unga wa kijani na kutu, na huku kwetu upepo wa bahari hauachi chuma salama. Fundi wa pili anasema vikopa (vipande vya shaba vinavyogusana kupitisha umeme) vya ndani ya solenoidi, ile swichi ya stata, vimelika, stata ifunguliwe.

Nikiweka mita kati ya nguzo hasi ya betri na bodi ya injini huku mtu akizungusha ufunguo, volti ngapi zinaonyesha arthi ni mbovu? Ikisoma sifuri, ndiyo niishike solenoidi? Na hivyo vikopa vinauzwa peke yake Malindi au Mombasa, au lazima stata nzima? Nategemea gari hili kulisha nyumba, tafadhali mwenye ujuzi anijibu.