Mrejesho: Ganzi ya miguu ya mama

Ndugu zangu, niliuliza nimnunulie vitamini gani mama yangu wa Jinja, Uganda, miaka 71, anayelalamika ganzi nyayoni na kuchoka hovyo. Wengi mlisema apimwe kwanza. Asanteni sana.

Vipimo vimeonyesha vitamini B12 iko chini. Daktari aliuliza dawa anazotumia, mama akafungua mfuko wake wa kaki: metformin ya kisukari, anaimeza miaka mingi. Kumbe dawa hiyo ikitumika muda mrefu hupunguza ufyonzwaji wa B12, na tumbo la mzee nalo mara nyingi hutoa asidi kidogo, hata iliyomo kwenye chakula haichukuliwi vizuri. Mahitaji ni mikrogramu 2.4 tu kwa siku, lakini matoke na dodo (mchicha) hazinayo kabisa. Anachomwa sindano za B12, na metformin anaendelea nayo kama alivyoagizwa.

Nyumbani tumerudisha mukene, yaani dagaa, maana wana B12. Meno yamebaki machache, kwa hiyo dada anazikaanga kavu, anazitwanga na miba yake, anakorogea kwenye mchuzi wa karanga. Hapo anapata na kalsiamu. Chai tumeiondoa mezani, anakunywa baadaye, maana inazuia madini ya chuma.

Mguu wa kulia una nafuu, wa kushoto bado.

Kwa mliopendekeza asidi ya foliki (vitamini ya kuongeza damu) peke yake, tafadhali msiwape wazee kabla ya kupima B12: damu inaweza kuonekana nzuri huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika.